Chingamu Juu ya Zulia la Kuazima

Ndugu msomaji, umezoea kunisoma nikieleza katiba, uchaguzi, kodi na wajibu wa raia. Leo nitakueleza namna ya kuondoa chingamu kwenye zulia. Nakuomba usiniache njiani. Mambo haya yako karibu zaidi kuliko nilivyodhani kabla ya tarehe 7 Julai 2023, siku niliyojifunza somo la uraia nikiwa nimepiga magoti na kijiko mkononi.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Shule yetu hapa Kigali iliadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Kwetu Rwanda siku hiyo ina uzito wake, kwa kuwa tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za nchi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mimi ndimi niliyekabidhiwa sherehe. Nilitaka jukwaa lipendeze, na shule haikuwa na kitu cha kutandika ila turubai lililochanika. Basi nikateremka Nyamirambo, kwenye nyumba ya bibi mmoja ninayemfahamu kwa miaka mingi, nikapiga hodi, nikamwamkia, nikamweleza haja yangu.

Bibi yule ana zulia jekundu la sufu, lililofumwa kwa mkono, lenye maua meusi pembeni. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa malori katika njia ya Mombasa hadi Kigali, naye alilinunua Mombasa na kulileta nyumbani akiwa amelikunja nyuma ya kiti chake. Ukitaka kujua Kiswahili kilifikaje milimani kwetu, usitazame vitabu vya wakoloni peke yake. Watazame pia madereva, wafanyabiashara na askari waliokibeba kama mzee yule alivyolibeba zulia lake.

Bibi alikubali, ila alinipa masharti mawili. La kwanza, zulia lirudi Jumamosi kabla ya adhuhuri, kwa sababu Jumapili alikuwa na wageni waliokuja kumposa mjukuu wake. La pili, asilikanyage mtu na viatu. Nikamjibu, "Bibi, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Viatu vyote vitabaki chini." Kumbuka maneno hayo, ndugu msomaji, maana ndiyo yaliyonihukumu.

Sherehe ilikwenda vizuri. Wanafunzi waliimba, wakaghani mashairi waliyotunga wenyewe, wakaigiza mchezo mfupi kuhusu mpiga kura aliyeuza kura yake kwa kilo ya sukari. Kila aliyepanda jukwaani alivua viatu. Nilikuwa nimemweka kijana mmoja pale ngazini kuwakumbusha, naye aliifanya kazi hiyo kwa ukali kuliko askari wa barabarani.

Wageni walipoondoka tukaanza kukunja zulia. Hapo ndipo tulipoiona. Chingamu. Doa la kijivu lenye upana wa sarafu, limebanwa ndani ya manyoya mekundu ya sufu. Hatua moja mbele palikuwa na doa la pili, na mbele yake la tatu.

Nilihisi damu ikinipanda kichwani. Papo hapo nikamkumbuka msichana mmoja wa mwaka wa pili, ambaye asubuhi nilimwona langoni akitafuna chingamu. Alikuwa miongoni mwa walioghani mashairi. Jina lake silitaji, kwani lilitajwa vya kutosha siku ile. Nikamwita mbele ya wenzake kama ishirini hivi, nikamwonyesha madoa, nikamwambia, "Hii ni kazi yako."

Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, yangu niliitupa kabla ya sherehe. Niliifunga ndani ya karatasi nikaiweka kwenye pipa."

Sikumsikiliza. Nikamwambia kwamba atabaki kulisafisha, na kwamba Jumatatu aje na mzazi wake. Baadhi ya wenzake wakacheka. Mmoja akatoa neno juu ya watu waliotoka ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa familia ya binti yule ilitoka Bukavu, Kongo. Nililisikia neno lile, wala sikulikemea. Mimi, mwalimu niliyekuwa nimesimama saa mbili nikisifu lugha inayounganisha mataifa jirani, nililiacha likapita.

Sasa ngoja nikueleze kitu chenyewe kilichotuponza, kwa sababu asiyeijua chingamu hawezi kuiondoa. Wengine huiita bazoka, wengine bigijii, na huko pwani wapo wanaoiita ubani. Jina hili la mwisho lina maana. Kabla ya viwanda, watu wa Oman na Somalia walitafuna ubani halisi, yaani utomvu uliogandishwa wa mti, uleule unaofukizwa. Wamaya wa Meksiko na Guatemala nao walitafuna utomvu wa mti wa sapodila, uitwao chikle. Katika miaka ya 1870 Mmarekani Thomas Adams alianza kuuza chikle madukani New York, na biashara ikakua. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vingi viliacha utomvu wa miti vikatumia mpira na resini zinazotengenezwa kwa kemikali.

Hapo ndipo penye siri. Sukari na ladha ya chingamu huyeyuka katika mate, ndiyo maana baada ya dakika chache utamu hwisha. Kinachobaki mdomoni hakiyeyuki katika maji, hata ukikitafuna kuanzia asubuhi hadi magharibi. Kwa hiyo kuimwagia chingamu maji ni kupoteza maji. Kitu hicho kina maadui wawili: baridi, inayokifanya kigumu na chepesi kuvunjika, na mafuta, yanayokilainisha mpaka kikauachia uzi kilioushika. Rafiki yake ni joto. Ukikisugua, mkono wako unakipa joto, nacho kinazama zaidi.

Mimi siku ile sikuyajua hayo. Nilichukua kisu cha jikoni na ndoo ya maji ya moto, nikaanza kukwangua doa la kwanza. Baada ya dakika chache doa la ukubwa wa sarafu lilikuwa limetanuka kama kiganja cha mtoto, na kisu kilikuwa kimeng'oa nyuzi kadhaa za sufu. Haraka haraka haina baraka, wanasema, nami niliwahi kuufundisha msemo huo darasani mara nyingi.

Binti yule alikuwa amepiga magoti pembeni, akinitazama. Hatimaye akasema, "Mwalimu, samahani. Tafadhali acha. Unaliharibu."

Mama yake ni fundi cherehani. Nguo za wateja humfikia zikiwa na kila aina ya uchafu, na chingamu ni mojawapo, hasa kwenye sare za watoto wa shule. Binti aliijua kazi hiyo tangu utotoni. Akaniambia tutafute barafu, kikombe cha bati, kijiko butu, spiriti, pamba, mafuta ya kupikia kidogo, sabuni ya kuoshea vyombo, na vitambaa vyeupe vilivyo safi. Barafu tuliipata kwa muuza vinywaji karibu na lango, mafuta na sabuni tukavitoa jikoni, spiriti na pamba katika maabara. Nikaketi chini, nikawa mwanafunzi.

Alijaza barafu ndani ya kikombe, akakiweka juu ya doa la pili, ambalo kisu changu kilikuwa hakijalifikia. Katika nchi nyingine watu hutia barafu ndani ya mfuko wa plastiki. Sisi mifuko hiyo tuliipiga marufuku mwaka 2008, na kikombe kinafaa zaidi, kwa kuwa maji ya barafu hubaki ndani yake yasiloweshe zulia. Tulisubiri kama robo saa. Mara mbili aliinua kikombe akafuta umande uliojikusanya chini yake. Kisha akaigonga ile chingamu kwa mgongo wa kijiko. Ikatoa sauti ya kitu kikavu, ikapasuka. Akaanza kuibandua kutoka ukingoni kuelekea katikati, kipande kwa kipande, na kila kipande akakitoa mara moja kabla hakijapata joto na kunata upya. Palipolainika, kikombe kilirudi. Kazi hii haitaki nguvu, inataka subira.

Baada ya muda, sehemu kubwa ya doa ikawa imetoka. Ilibaki tabaka nyembamba iliyoganda kwenye nyuzi. Nikachukua chupa ya spiriti nikataka kuimimina. Akanizuia tena. "Kwanza tujaribu pembeni," akasema. Akalowesha pamba kidogo, akaigusisha kwenye kona ya zulia ambayo haionekani. Pamba ikarudi ikiwa nyekundu. Rangi ya zulia ilikuwa inatoka. Fikiria, msomaji: kama ningemimina kama nilivyokusudia, pangebaki baka jeupe katikati ya zulia, na hakuna barafu wala mafuta ambayo yangelirudisha.

Tukaiacha spiriti. Akajaribu mafuta kwenye kona ileile, na rangi ikatulia. Akatia matone machache kwenye kitambaa, si kwenye zulia, akaligusagusa lile tabaka, akangoja dakika kadhaa, kisha akalibana kwa kitambaa kikavu na kuinua. Hakusugua. Alibana na kuinua, akigeuza upande safi wa kitambaa kila mara, mpaka ule unato ukahamia kwenye kitambaa. Mafuta nayo ni doa, kwa hiyo yalipomaliza kazi yake ilibidi yaondolewe. Akakoroga sabuni ya vyombo katika maji ya vuguvugu mpaka povu likajaa, akatumia povu peke yake, akalipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, akamalizia kwa taulo kavu aliloligandamiza kwa uzito wa mwili wake. Zulia halikuloweshwa hata kidogo zaidi ya ilivyohitajika, maana zulia likilowa mpaka chini hukawia kukauka, nalo hupata harufu na ukungu.

Ni wakati tulipokuwa tukisubiri barafu ifanye kazi kwenye doa la tatu ndipo binti aliponyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, si kwa ujeuri, bali kama mtu anayefikiri kwa sauti: "Mwalimu, mbona hili la tatu ni dogo kuliko la pili?"

Nikatazama. Kabla sijalitanua kwa kisu, la kwanza ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. La pili lilikuwa dogo kiasi. La tatu lilikuwa dogo zaidi. Yalikuwa katika mstari mmoja, yakiachana kwa hatua ya mtu mzima, yakielekea mahali palipowekwa kipaza sauti. Akainamisha uso karibu na doa la tatu. "Tena lina mistari," akasema. "Kama ya soli."

Nilifahamu kabla hajamaliza. Katikati ya sherehe kipaza sauti kilikuwa kimekatika. Kijana wa ngazini alinyoosha mkono kunizuia, nami nikampita nikisema, "Mimi ni dakika moja tu." Nikapanda, nikakifunga waya, nikashuka. Wanafunzi wote walikuwa wamevua viatu. Mimi sikuvua.

Nikaketi sakafuni, nikageuza kiatu changu cha kulia. Kwenye soli, ndani ya ile mistari, kulikuwa na chingamu ya kijivu iliyochanganyika na mchanga mwekundu.

Nyani haoni kundule. Methali hii nimeieleza ubaoni kwa miaka, na kila mara wanafunzi hucheka. Jioni ile haikunichekesha. Binti alikitazama kiatu, akanitazama mimi, kisha akainamisha macho na kuendelea kuibandua chingamu yangu kutoka kwenye zulia. Hakusema neno, na ukimya wake uliniuma kuliko lawama.

Sasa, ndugu msomaji, nadhani umeanza kuona kwa nini habari hii naileta kwako. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 11, linasema kwamba mtu anayeshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe kwa mujibu wa sheria. Katiba ya Rwanda nayo inaitambua haki hiyo. Nimelifundisha jambo hili mara nyingi, nikitoa mifano ya polisi, mahakama na magereza, kana kwamba haki hiyo inakaa huko peke yake. Kumbe inaanza pale ambapo mtu mwenye mamlaka madogo, mwalimu mwenye chaki, mzazi mwenye fimbo, jirani mwenye mdomo, anapomnyooshea mtu kidole.

Nilikuwa na ushahidi gani juu ya binti yule? Kwamba asubuhi alikuwa anatafuna chingamu. Ushahidi ulio dhidi ya dhana yangu ulikuwa mbele ya macho yangu: madoa matatu badala ya moja, mistari ya soli, na wanafunzi wote wakiwa miguu mitupu. Sikuutazama kwa sababu nilikwisha kumpata mkosaji. Na nikijiuliza kwa nini nilimpata upesi namna ile, jibu silipendi, lakini nitakupa: katika kundi lile yeye ndiye aliyekuwa rahisi kumshuku. Aliyetoka mbali hana shangazi katika kamati ya wazazi.

Kuna swali jingine: ni nani aliyeitupa chingamu ile njiani nikaikanyaga? Sijui, wala sitajua. Yeye alitema akaenda zake. Hasara ilimfikia bibi wa Nyamirambo, binti wa Bukavu na mimi. Hivi ndivyo uchafuzi wa mahali pa umma ulivyo: anayeufanya halipi, na anayelipa hakuufanya. Mwaka 1992 mataifa yaliyokutana Rio de Janeiro yaliandika kanuni kwamba anayechafua ndiye anayepaswa kubeba gharama. Mwaka huohuo Singapore ilianza kukataza uingizaji na uuzaji wa chingamu, baada ya watu kuibandika kwenye vitambuzi vya milango ya treni za mjini na kuzikwamisha. Mwaka 2004 katazo lililegezwa kidogo kwa ajili ya chingamu za tiba. Uingereza ilichukua njia nyingine: mwaka 2021 watengenezaji wa chingamu walikubali kuchangia fedha za kusafisha mitaa.

Sisi tufuate njia ipi? Sisemi tupige marufuku. Tulipoikataa mifuko ya plastiki, tulikuwa na vikapu na mifuko ya karatasi ya kuiweka mahali pake, na kila mwananchi aliiona hasara yake mtaroni. Chingamu ni jambo la kipande cha karatasi na pipa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka kwa umuganda tukafyeka, tukazibua mitaro, tukapanda miti. Ni jambo jema, nami najivunia. Lakini umuganda wa saa tatu kwa mwezi hauwezi kulipia kutema kwa siku ishirini na tisa. Binti yule, ambaye nilimwita mchafuzi, ndiye pekee katika kisa hiki ambaye tunajua kwa hakika kwamba chingamu yake aliifunga ndani ya karatasi na kuitupa penye pipa. Jioni ile nilikwenda kulitazama pipa. Karatasi ilikuwamo.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilimrudishia bibi zulia lake. Doa la pili na la tatu yalikuwa yametoka kabisa. La kwanza, lile nililoliparamia kwa kisu na maji ya moto, lilikuwa limesafika, ila liliacha upara mdogo pale nyuzi zilipong'oka. Njiani nilijiambia kwamba kwa macho yake ya uzee pengine hataliona. Nilipofika nikaona aibu kwa wazo hilo, nikamweleza yote, pamoja na kiatu changu.

Alilitandaza, akapitisha kiganja juu ya ule upara kwa muda. Nikamwambia nitalipia fundi wa kuliziba. Akasema, "Zulia linakanyagwa, mwanangu, halikuumbwa lisichakae. Lakini uliniambia viatu vyote." Sikuwa na la kujibu. Alinikaribisha chai, nikanywa, na Jumapili wageni wake wakaketi juu ya zulia lile, posa ikakubaliwa. Tangu hapo, nikiwa na shughuli, bibi huniazima mikeka. Zulia hajaniazima tena, nami sijaliomba. Zulia lilisafika kwa barafu na mafuta; ahadi yangu haikusafika upesi hivyo.

Jumatatu niliwaita walewale waliokuwapo Ijumaa. Niliona kwamba haitoshi kumwomba radhi binti peke yake, kwa kuwa sikumtuhumu faraghani. Nikakiinua kiatu, nikawaeleza. Nikataja pia lile neno la ng'ambo ya mpaka, nikasema kwamba kosa langu lilikuwa kubwa kuliko la aliyelitamka, maana mimi nililisikia nikanyamaza. Mama yake alikuwa amekuja kwa wito wangu, ameacha cherehani yake, ameketi kwenye benchi la nyuma akidhani amekuja kusikia aibu ya mwanawe. Nilimwomba radhi yeye pia, kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiswahili cha kwao, "Haina neno, Mwalimu." Lakini lilikuwapo neno, na sote wawili tulijua.

Sikukuahidi hadithi peke yake, kwa hiyo nikuachie pia yale niliyofundishwa juu ya vitambaa vingine, maana baadaye nilikwenda kwa mama yule na daftari.

Nguo ikipatwa na chingamu, usiifue kwanza wala usiianike juani. Ikunje doa likiwa nje, uitie ndani ya friji sehemu ya kugandisha kwa saa moja au mbili, kisha uibandue chingamu ikiwa bado ngumu. Kama huna friji, tumia kikombe cha barafu. Mabaki yapanguse kwa siki nyeupe iliyopashwa moto kidogo au kwa mafuta kidogo, kisha ufue kwa sabuni. Usiipige pasi mpaka umehakikisha doa limeondoka lote, kwa kuwa joto hulizamisha. Kuna mafundi ambao kwa pamba nzito, kama suruali ya sare, hulaza doa juu ya kipande cha katoni na kupiga pasi upande wa pili, ili chingamu ilainike na kuhamia kwenye katoni. Njia hii inawezekana kwa pamba, lakini usiithubutu kwa nailoni na jamii yake; pasi itayeyusha nguo pamoja na doa.

Hariri na mahameli mpelekee dobi anayejua kazi yake. Mkeka wa ukindu utosheke na barafu na kijiko, usiutie mafuta, kwa sababu ukindu huyanywa. Na kitambaa chochote kile, usikisafishe kwa petroli wala mafuta ya taa. Wapo wanaofanya hivyo. Mvuke wake hushika moto kwa cheche ya jiko, harufu yake haitoki, na doa lake ni baya kuliko lile ulilotaka kuliondoa.

Zaidi ya yote, jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Mama yule aliniandikisha jambo hilo mara mbili daftarini, juu na chini ya ukurasa. Nami nikaongeza langu pembeni, ambalo hakuniambia yeye: kabla ya kumtaja mtu, geuza kwanza kiatu chako.